Chonge

Nikicheka naziba mdomo kwa kiganja.
Watu wa Newala hudhani ni haya,
husifia waliyenilea.
Sivyo. Ni mapengo mawili, juu, kulia na kushoto,
mahali ambapo chonge zangu zingekaa
asingepita yule fundi na njiti ya baiskeli.

Nilikuwa na miezi mitano, naharisha, nachemka.
Wakasema, meno ya plastiki hayo, yatamuua.
Mama akanishika kichwa. Baba akashika koroboi.
Wakachimba ufizi, wakatoa vijipande vyeupe,
laini kama mbegu changa za boga.
Unaona? wakamwambia mama.
Mama akaona.
Nani asingeona anachoonyeshwa
saa nane ya usiku, mtoto analia?
Yalikuwa meno yangu tu,
yamejilalia, hayajaitwa.

Simlaumu. Mpaka leo huniambia,
"Somoe, nilitaka upone."
Nilipona, mama, namjibu.
La njiti hatulitaji.

Asumini wangu alipoanza kutoa udenda,
akatafuna pindo la kanga, kamba ya ndoo,
kidole cha kila mgeni,
mwili ukampanda joto.
Jirani akaja na jibu lake mkononi:
yuko mtu Mahuta, hachukui muda.
Nikamkaribisha kiti, nikamchemshia chai,
nikambeba mtoto mgongoni
nikatokea mlango wa uani.
Zahanati walikuta malaria. Malaria tu.
Siku ya tisa, namlisha uji, kijiko kikagonga:
ti.
Nikagonga tena, nisikie vizuri.

Huku kwetu juu maji ni ya kununua,
kila dumu linapanda kutoka bondeni na jasho la mtu.
Lakini kikombe kimoja cha bati, kila usiku,
ni cha meno ya Asumini. Hakiendi kwenye chai.
Kwanza kilikuwa kitambaa, nakizungusha kwa kidole.
Kisha mswaki mdogo, dawa kiasi cha punje ya mtama.
Baba yake, mlinzi wa ghala la korosho,
aliwahi kumlaza na chupa ya chai ya sukari;
tuligombana hadi kuku wakaamka.
Sasa msimu wa malipo ananunua pipi
na ananikabidhi mfuko mimi,
kama mtu anayesalimisha silaha.

Mtoto ana meno ishirini na hoja arobaini.
"Kwa nini nisugue kitu kitakachong'oka?"
Nikamwambia nyumba ya kupanga pia hufagiliwa.
Hakuridhika. Hapangi, yeye.
Basi nikampeleka bombani alfajiri,
nikamwonyesha foleni: madumu matupu,
mengine yamefungwa vitambaa ili yajulikane,
wenyewe wako shambani, wako usingizini.
Dumu hili linamshikia mtu nafasi, nikasema.
Ukiliondoa, ya nyuma yanasogea,
mwenyewe akija hana pa kusimama.
Akatazama madumu muda mrefu.
Akapitisha ulimi juu ya meno, moja moja,
kama anayehesabu.

Jana la chini la mbele limetoka lenyewe,
ndani ya muhogo wa kuchoma.
Zima, jeupe, halina doa.
Akalitupa juu ya paa kama bibi alivyomfunza:
chukua hili bovu, nipe zima.
Mimi nikawaza, bovu liko wapi?
Enzi zetu nyasi zililimeza kimya.
Bati lilijibu:
ti,
kisha likabingirika kidogo, likatulia.

Akanigeukia na kipengo chake kipya, anacheka,
nami nikacheka.
Nilikuwa nafua, mikono yote miwili ina povu.

"Mama! Kumbe na wewe!
Yako uliyatupa paa lipi?"